Mapigano Yaliyogeuza Vita Kuu ya Pili ya Dunia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Pigano likiitwa la maamuzi, kipimo chake ni nini?

Wengi hupima kwa idadi ya waliokufa au kwa jina la mji uliotekwa. Vyote viwili hupotosha. Mji huweza kutekwa leo ukakombolewa kesho, na jeshi kubwa likipoteza watu 50,000 huweza kujaza nafasi zao ndani ya miezi michache. Kipimo tunachokitumia hapa ni kimoja: aliyeshindwa alipoteza nini ambacho hakuweza kukipata tena kwa wakati? Huenda ni meli zilizochukua miaka kuundwa, askari wazoefu, njia ya kupitishia mafuta, au muda wenyewe.

Chukua Pearl Harbor, tarehe 7 Desemba 1941. Wajapani walipiga manowari kubwa 8 za Marekani. Kati ya hizo, 6 ziliinuliwa au kukarabatiwa zikarudi vitani. Meli za kubebea ndege hazikuwepo bandarini siku hiyo, na matangi ya mafuta hayakuguswa. Lilikuwa shambulio la kutisha, lakini halikuiondolea Marekani kitu isichoweza kukirudisha.

Ni mapigano yapi basi yanayopita kipimo hicho?

Orodha yetu ni hii: Moscow (Desemba 1941), Midway (Juni 1942), Stalingrad (Agosti 1942 hadi Februari 1943), El Alamein (Oktoba na Novemba 1942), vita ya nyambizi ya Atlantiki ilipofikia Mei 1943, Imphal na Kohima (Machi hadi Julai 1944), na mapigo mawili ya Juni 1944, Normandy na Bagration.

Moscow hutajwa kwa haraka lakini haistahili kusahaulika. Ujerumani iliuvamia Umoja wa Kisovieti tarehe 22 Juni 1941 ikiwa na mpango wa kumaliza kazi kabla ya majira ya baridi. Tarehe 5 Desemba Wasovieti walianza kujibu mapigo nje ya mji mkuu wao, na mpango huo ukafa. Tarehe 11 mwezi huo huo Hitler akaitangazia Marekani vita. Kuanzia hapo ilikuwa vita ndefu dhidi ya mataifa matatu, Umoja wa Kisovieti, Marekani na Uingereza, ambayo viwanda vyao kwa pamoja vilikuwa vikubwa kuliko vyake.

Wamarekani walijuaje kuwa Wajapani wanakwenda kisiwa cha Midway, katikati ya Pasifiki?

Walisoma barua zao, ila kwa vipande. Jeshi la majini la Japani lilitumia msimbo ambao Wamarekani waliuita JN-25. Kitengo cha Hawaii kilichoongozwa na Joseph Rochefort kilikuwa kikifumbua sehemu tu ya kila ujumbe, na ndani yake likawa linajirudia jina la shabaha moja, herufi AF. Rochefort aliamini AF ni kisiwa cha Midway. Wakubwa wa Washington hawakuwa na hakika.

Mtego ukategwa hivi. Kambi ya Midway iliagizwa kupitia waya wa chini ya bahari, ambao adui hakuweza kuusikiliza, itangaze kwa redio na kwa lugha ya wazi kwamba mtambo wake wa kusafisha maji ya bahari umeharibika. Haukupita muda, ujumbe wa Kijapani ukanaswa ukisema AF ina upungufu wa maji ya kunywa. Admirali Chester Nimitz akapata uhakika alioutaka, akapeleka meli zake tatu za kubebea ndege kuvizia kaskazini-mashariki ya kisiwa.

Mojawapo, Yorktown, ilikuwa imepigwa vibaya katika Bahari ya Matumbawe mwezi Mei. Ukarabati wake ulikadiriwa kuchukua miezi mitatu. Mafundi wa Pearl Harbor walipewa siku tatu. Waliziba palipotoboka, wakaimarisha kwa mbao na vyuma yaliyolegea, na meli ikaondoka tarehe 30 Mei, baadhi ya mafundi wakiendelea na kazi humo ndani.

Asubuhi ya tarehe 4 Juni 1942 ilikwendaje?

Alfajiri, Admirali Nagumo, kamanda wa meli nne za kubebea ndege za Kijapani, alirusha ndege 108 kuipiga Midway. Nusu nyingine ya ndege zake aliiweka akiba, zikiwa na topido kwa ajili ya meli. Kiongozi wa shambulio aliporipoti kuwa kisiwa kinahitaji kupigwa tena, Nagumo aliamuru akiba ile ibadilishiwe silaha: topido zitoke, mabomu ya nchi kavu yaingie. Nusu saa hivi baadaye ndege ya doria ikaripoti meli za Marekani. Amri ikageuzwa tena.

Mambo yaliharibikia hapo. Topido ya ndege ina uzito wa karibu kilo 800; kuifunga ni kazi ya watu wengi na mikokoteni maalumu, na mikokoteni haikutosha kwa ndege zote kwa mpigo mmoja. Mabomu yaliyoondolewa hayakupata muda wa kurudishwa kwenye ghala la chini, yakalazwa pembeni ndani ya karakana, karibu na mabomba ya petroli. Juu, sitaha ilikuwa na shughuli yake: ndege zilizotoka Midway zilihitaji kutua, na za ulinzi zilikuwa zikishuka na kupaa kila mara.

Ndege za topido za Marekani ndizo zilizofika kwanza, zikiruka chini na polepole. Kikosi cha 8 kutoka meli ya Hornet kilikuwa na ndege 15; zote zilidunguliwa, na katika watu 30 akabaki mmoja. Hawakupiga hata meli moja. Ila waliwaweka Wajapani katika hali ya kukwepa bila kupumua, na ndege za ulinzi zikabaki karibu na maji.

Ilipofika saa 4:20 hivi asubuhi, ndege za mabomu za Enterprise na Yorktown zikashuka kutoka juu. Kiongozi wa zile za Enterprise, Wade McClusky, alikuwa amekaribia kuishiwa mafuta bila kuona kitu, mpaka alipoona manowari moja ya Kijapani ikikimbia peke yake. Akakisia inarudi kwa wenzake, akafuata uelekeo wake. Katika dakika chache meli tatu za Nagumo, Akagi, Kaga na Soryu, ziliwaka moto. Hiryu, iliyobaki, iliipiga Yorktown mara mbili mchana huo, nayo ikachomwa jioni.

Ile picha inayorudiwa sana, ya sitaha za Kijapani zilizojaa ndege zikiwa tayari kupaa "baada ya dakika tano", haiungwi mkono na uchunguzi wa siku hizi. Ndege nyingi za shambulio zilikuwa bado ndani ya karakana, na ndiyo sababu moto ulikuwa mkali hivyo: ulianzia katikati ya mabomu na petroli.

Ni kweli Japani ilipoteza marubani wake bora wote Midway?

Hapana. Wajapani waliokufa ni 3,057, lakini wanaanga kati yao walikuwa 110 hivi. Waliokufa kwa wingi ni mabaharia na mafundi wa ndege, na fundi mzoefu naye hapatikani kwa wiki mbili. Hasara kubwa zaidi ilikuwa ni meli zenyewe: nne kati ya sita zilizopiga Pearl Harbor. Marekani wakati huo ilikuwa inaunda meli mpya kubwa za aina ya Essex, na zaidi ya 10 zilikuwa kazini kabla vita haijaisha. Viwanda vya Japani visingeweza kufukuzana na kasi hiyo.

Marubani walikwisha katika mapigano ya kisiwa cha Guadalcanal, kusini mwa Pasifiki, kuanzia Agosti 1942 hadi Februari 1943. Kutoka kambi ya Kijapani ya Rabaul hadi huko ni takriban km 1,000 kwenda na kiasi hicho kurudi, juu ya bahari. Ndege iliyotobolewa tangi haikufika nyumbani. Mmarekani aliyedunguliwa alikuwa karibu na watu wake. Kesho yake aliweza kuruka tena.

Stalingrad ilikuwa na nini cha kupigania?

Kwanza haikuwa shabaha kuu. Mashambulizi ya kiangazi yaliyoanza tarehe 28 Juni 1942 yalilenga mafuta ya Kaukazi: Maikop, Grozny na Baku. Stalingrad, juu ya mto Volga, ilikuwa ya kulinda ubavu wa msafara huo na kukata njia ya mto. Kisha Hitler akagawa majeshi yake, moja likaenda kwenye mafuta na jingine mjini, na kila moja likawa dogo kuliko kazi yake. Maikop ilitekwa mwezi Agosti lakini visima vilikuwa vimeshaharibiwa. Jina la mji, la Stalin, liliongeza ubishi kwa pande zote mbili. Hilo ni kweli, ila halikuwa chanzo.

Jeshi la 6 la Ujerumani, chini ya Friedrich Paulus, lilizingirwaje?

Kwa kupigwa mbavuni. Kadiri Wajerumani walivyozama katika mapigano ya nyumba kwa nyumba dhidi ya Jeshi la 62 la Kisovieti la Vasily Chuikov, ndivyo walivyoachia mstari mrefu wa mto Don na nyika ya kusini mikononi mwa Waromania, Waitalia na Wahungari. Waromania walipewa eneo refu mno, na mizinga yao mingi ya kupiga vifaru ilikuwa ya milimita 37, ambayo kifaru cha T-34 hakiijali. Mbaya zaidi, Wasovieti walikuwa wameshika vipande vya ardhi ng'ambo ya Don, huko Serafimovich na Kletskaya, na hawakuondolewa.

Tarehe 19 Novemba 1942 shambulio lilitoka kaskazini, na tarehe 20 likatoka kusini. Akiba ya vifaru iliyowekwa nyuma ya Waromania ilishindwa kutoka ipasavyo. Katika Divisheni ya 22, vifaru vilikuwa vimefukiwa kwa majani makavu wiki nyingi kwa kukosa mafuta ya kuviwasha, na panya walikuwa wametafuna nyaya za umeme. Alfajiri ya tarehe 22, kikosi kidogo cha Kisovieti kililiendea daraja la Don karibu na Kalach kikiwa kimewasha taa za magari. Walinzi walidhani ni wenzao. Daraja likachukuliwa zima, na kesho yake mikono miwili ya mzingiro ikakutana. Ndani walibaki watu zaidi ya 250,000.

Kwa nini hawakulishwa kwa ndege? Si Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, aliahidi?

Aliahidi, na hesabu ilimuumbua. Jeshi lile lilisema linahitaji tani 750 kwa siku. Likashushwa hadi 500, na kiwango cha kutokufa kikawekwa kwenye 300. Ndege ya uchukuzi ya Ju 52 ilibeba tani 2 hivi. Tani 300 maana yake ni ndege 150 zinazotua salama kila siku, ndani ya saa chache za mwanga wa Desemba. Kwa kuwa katika baridi ile mara nyingi ni theluthi tu ya ndege iliyokuwa nzima, zilihitajika zaidi ya 400 zilizotengwa kwa kazi hiyo peke yake. Hazikuwepo. Kilichofika kwa wastani ni tani 100 na kidogo kwa siku.

Kosa lilitokana na mafanikio ya awali. Mwanzoni mwa 1942 Wajerumani 100,000 hivi walizingirwa Demyansk, kaskazini, wakalishwa kwa ndege kwa miezi kadhaa mpaka wakaokolewa. Somo lililochukuliwa likawa kwamba inawezekana. Hakuna aliyetaka kuona kwamba safari hii watu ni zaidi ya maradufu, na kwamba ndege za kivita za Kisovieti zimeongezeka.

Kisha vikaja vya kukatisha tamaa kimoja baada ya kingine. Injini ziliganda. Tarehe 24 Desemba vifaru vya Kisovieti vilivamia uwanja wa Tatsinskaya, ambako ndege zilipakilia, vikaponda ndege nyingi ardhini. Uwanja wa Pitomnik, ndani ya mzingiro, ulianguka katikati ya Januari na Gumrak siku chache baadaye. Kilichobaki kilikuwa kutupa vifurushi kwa parachuti. Mgao wa mkate ulishuka chini ya gramu 100 kwa siku.

Je, Paulus angeweza kuvunja mzingiro na kutoka?

Pengine katika siku za kwanza za mwisho wa Novemba, kwa kuacha silaha nzito. Katikati ya Desemba kamanda mwenzake, Erich von Manstein, alituma msafara wa kumwokoa, ukafika km 48 kutoka ukingo wa mzingiro. Vifaru vya ndani vilikuwa na mafuta ya kwenda km 30 hivi. Hitler alikataa mji uachwe, Paulus hakuthubutu kumkaidi, na nafasi ikapita. Tarehe 31 Januari 1943, siku moja baada ya kupandishwa cheo cha juu kabisa cha jeshi, alijisalimisha. Kundi la kaskazini lilifuata tarehe 2 Februari. Mateka walikuwa 91,000 hivi. Waliorudi Ujerumani, wa mwisho mwaka 1955, walikuwa kama 5,000 hadi 6,000.

Si baridi ndiyo iliyowashinda Wajerumani?

Baridi ilimpiga kila mtu. Tofauti ni kwamba upande mmoja ulipanga kuwepo wakati huo na mwingine ulipanga kuwa umeshamaliza.

Kwa nini pigano la maamuzi la Afrika Kaskazini lilitokea El Alamein?

Kwa sababu ya ramani. Kwingineko jangwani, jeshi la magari liliweza kuzunguka kusini na kumtokea adui kwa nyuma. Ndivyo Erwin Rommel, kamanda wa Wajerumani huko, alivyopata sifa zake. El Alamein, nchini Misri, ina bahari kaskazini, na km 60 hivi kusini yake kuna Bonde la Qattara, lenye chumvi na mchanga laini usiobeba vifaru. Hakuna pa kuzungukia, lazima upite katikati.

Na katikati palikuwa na mabomu ya ardhini karibu nusu milioni. Utaratibu wa Waingereza wa kufungua njia usiku wa tarehe 23 Oktoba 1942 ulikuwa hivi: mizinga karibu 900 ilianza kupiga saa 3:40 usiku. Askari wa miguu walitangulia, kwa kuwa mabomu mengi yalikuwa ya vifaru na hayalipuki kwa uzito wa mtu. Nyuma yao wahandisi wa medani walitandaza utepe mweupe kuonyesha mipaka ya njia, wakapita na vitambuzi vya chuma vilivyobuniwa na Mpolandi Józef Kosacki, wengine wakichokoachokoa mchanga kwa singe. Bomu likipatikana liliwekewa alama, likafukuliwa kwa mikono, likaangaliwa kama chini yake halikufungwa jingine. Kisha taa ndogo zilizofunikwa upande wa adui zikawekwa kandokando. Njia ilikuwa na upana wa mita 7 hivi, kifaru kimoja kwa wakati.

Tatizo lilitokea kama mtu angetazamia. Kifaru kimoja kikiharibika, foleni nzima husimama. Vumbi lilikuwa zito hata dereva hakumwona wa mbele yake, na kulipopambazuka vifaru vingi vilikuwa bado ndani ya njia hizo. Montgomery, kamanda wa Waingereza, hakupenya haraka. Ilimchukua hadi tarehe 4 Novemba.

Upande wa pili, Rommel alikuwa Ujerumani akitibiwa. Naibu wake, Georg Stumme, alikufa kwa moyo siku ya kwanza ya mapigano. Rommel aliporudi tarehe 25 aliulizia mafuta kabla ya kitu kingine, na meli za mafuta alizozitegemea zikazamishwa siku zilizofuata. Bandari ya Tripoli ilikuwa zaidi ya km 2,000 nyuma yake, kiasi kwamba malori yalikunywa sehemu kubwa ya mafuta yaliyoyabeba.

Askari wa Afrika Mashariki walihusikaje na El Alamein?

Mchango wao mkubwa ulitolewa mwaka mmoja na nusu kabla, na mara nyingi haunganishwi na ushindi huu. Mwaka 1940 Italia ilishika Eritrea, Ethiopia na Somalia yake, ikawa inatishia Bahari ya Shamu, mlango wa Suez. Mwanzoni mwa 1941 majeshi ya Jenerali Alan Cunningham yalitoka Kenya: askari wa Keya (King's African Rifles), wa Nigeria, wa Gold Coast (Ghana ya leo) na wa Afrika Kusini. Kismayu ilianguka tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25, ambako walikuta zaidi ya lita milioni 1.5 za petroli, zawadi iliyowafikisha Harar. Addis Ababa iliingiwa tarehe 6 Aprili. Kaskazini, divisheni za Kihindi zilivunja ngome ya Keren na kuchukua bandari ya Massawa.

Tarehe 11 Aprili 1941 Rais Roosevelt alitangaza kwamba Bahari ya Shamu si eneo la mapigano tena. Sheria ya Marekani ilikuwa inazuia meli zake kuingia maeneo ya vita, na sasa ziliweza kwenda moja kwa moja hadi Suez. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyopitisha vifaru 300 vya Sherman vilivyoahidiwa baada ya Tobruk, bandari ya Libya, kuanguka Juni 1942. Vilizunguka Rasi ya Tumaini Jema vikafika Misri Septemba, wiki chache kabla ya pigano. Zaidi ya 250 vilipigana El Alamein. Kama Waitalia wangebaki Massawa, safari hiyo ingekuwa ya namna nyingine kabisa.

Na Wakongo?

Jeshi la Force Publique, la kikoloni la Kongo ya Ubelgiji, liliingia Ethiopia kutoka magharibi, na tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Gazzera wa Italia alijisalimisha huko Saio. Baadaye, sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu la atomiki la Marekani ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga.

Vita ya Pasifiki iliigusaje Mombasa?

Kuliko wengi wanavyodhani. Aprili 1942 Nagumo aliingia Bahari ya Hindi akapiga Colombo na Trincomalee, na meli kubwa za Uingereza zikarudi nyuma hadi Kilindini. Wafumbuzi wa misimbo walihamishiwa Mombasa pamoja nazo, wakafanyia kazi katika shule ya Allidina Visram. Huko waliufumbua msimbo wa meli za mizigo za Kijapani. Mwezi Mei Waingereza walitua Diego Suarez, Madagaska, ili Wajapani wasiitumie, na brigedi ya Afrika Mashariki ikashiriki kukimaliza kisiwa hicho kufikia Novemba.

Akagi, Soryu na Hiryu zilikuwemo katika msafara ule wa Colombo. Miezi miwili baadaye zilikuwa chini ya bahari Midway, na msafara wa aina hiyo haukurudi tena upande wetu. Zilibaki nyambizi. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa topido karibu na Maldivi ikazama ndani ya dakika mbili hivi. Walikufa 1,297, wengi wao wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki.

Imphal na Kohima ziliamua nini?

Ziliamua nani atabaki Burma. Machi 1944 Jenerali Mutaguchi wa Japani alivuka mto Chindwin na watu kama 85,000 kuingia India, akiwa na chakula cha wiki tatu hivi na makundi ya ng'ombe wa kuchinjwa njiani. Alitegemea kuteka maghala ya Waingereza. Kohima, askari wasiofika 3,000 waliizuia divisheni nzima kwa wiki mbili mpaka msaada ulipofika. Imphal ililishwa kwa ndege, na safari hii ndege zilitosha. Mutaguchi alikosa maghala, mvua ikanyesha, na karibu watu 55,000 wakapotea, wengi kwa njaa na maradhi.

Waliowafuata wakati wa masika ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kupitia Bonde la Kabaw: malaria, homa ya utitiri wa vichakani, matope ya magotini, na chakula cha kudondoshwa na ndege. Waliingia Kalewa tarehe 2 Desemba 1944. Hapo Chindwin ikajengewa daraja la kuelea la aina ya Bailey lenye urefu wa zaidi ya mita 350, refu kuliko yote ya aina yake kwa wakati huo. Kipande kimoja cha ubavu wa daraja hilo kina urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 260 hivi. Hubebwa na watu sita.

Nyambizi za Atlantiki zilishindwa lini?

Mei 1943. Katika mwezi huo Wajerumani walipoteza nyambizi 41, na tarehe 24 Admirali Dönitz akaziondoa katikati ya Atlantiki ya Kaskazini. Sababu zilikutana pamoja: ndege za masafa marefu za Liberator zilizofunika eneo lililokuwa halifikiki, rada ya mawimbi mafupi ambayo nyambizi haikuweza kuinusa, vifaa vya kugundua inakotoka redio ya nyambizi, na misimbo iliyofumbuliwa. Bila hilo Normandy isingekuwepo.

Normandy au Bagration, lipi lilikuwa zito zaidi?

Kwa hasara ya Ujerumani, Bagration. Tarehe 6 Juni 1944 watu 156,000 hivi walitua Normandy. Wajerumani waliamini kwa wiki kadhaa kwamba shambulio la kweli litakuja Pas-de-Calais, wakazuia divisheni zao huko. Tarehe 22 Juni Wasovieti walianza Bagration huko Belarusi, wakalivunja kundi la majeshi la katikati. Divisheni kama 28 zilifutika. Tarehe 17 Julai mateka 57,000 walipitishwa katika mitaa ya Moscow. Anayetaja moja bila nyingine anasimulia nusu. Divisheni zilizokuwa Ufaransa hazikuweza kwenda Belarusi, na za Belarusi hazikuweza kwenda Ufaransa.

Na Kursk?

Julai 1943, Wajerumani walishambulia mahali ambapo adui alikuwa akiwasubiri tangu masika, nyuma ya takriban mabomu milioni moja ya ardhini na mistari mingi ya mahandaki. Lilikuwa pigano kubwa sana. Tunaliweka nje ya orodha kwa kuwa lilithibitisha kilichoamuliwa Stalingrad.

Babu yangu alikuwa Keya na hakurudi kutoka Burma. Nitalipataje jina lake?

Anza na hifadhi ya majina ya mtandaoni ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ni bure. Tafuta kwa jina, kisha chuja kwa kikosi na mwaka wa kifo. Namba ya jeshi ikiwepo katika cheti, barua au nishani yoyote, itakusaidia kuliko jina. Majina yaliandikwa jinsi karani alivyoyasikia, kwa hiyo jaribu tahajia kadhaa: r badala ya l, k badala ya g, na jina la baba likiwa mbele. Wasio na kaburi linalojulikana Burma wako kwenye mnara wa Taukkyan, karibu na Yangon, wenye majina karibu 27,000. Kwa waliofia baharini au Ethiopia na Madagaska, angalia kumbukumbu zilizoko katika makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong.

Kama ni wa Vita Kuu ya Kwanza, hasa mpagazi, kutolipata jina si ushahidi kwamba hakuwemo. Tume yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika wengi wa vita ile hawakuandikwa majina. Kwa hao, mahali pa kutafuta ni nyaraka za utawala na za misheni za wilaya alikotoka.